Mdhamini wa Ghorofa ya Tano

Enyi waungwana mlioketi, wake kwa waume, mliotoka makazini na mliotoka majikoni, nawaamkia kila mmoja kwa heshima yake. Kabla sijaanza namtaja Mola aliyeumba watu kwa udongo na majini kwa moto, akamwekea kila mmoja mpaka wake. Nipeni masikio yenu kwa kitambo. Habari niliyonayo si ya msituni wala ya makaburini. Ni habari ya nyumba ya kupanga katika mji wa Lyon, na ya mwanamke aliyetaka jambo moja tu: chumba ambamo binti yake angelala karibu naye.

Ilianza kwa simu, saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka. Raoudha Zghal alikuwa kazini, katika maabara ya meno bandia, akichonga jino la nta kwa kisu kidogo.

“Bibi Zghal? Hongera, nyumba umeipata!” Aliyesema ni Bwana Thibault, wakala wa upangishaji, kijana aliyezungumza kama mtu anayekimbilia treni. “Mdhamini wako nimemaliza kuzungumza naye sasa hivi. Mzee mwenye adabu kweli. Siku hizi hawapatikani wa namna ile.”

Kisu kilimponyoka Raoudha. “Umezungumza naye kwa namba gani?”

“Namba uliyoiandika kwenye faili, bibi. Kwani anazo ngapi?”

Namba ile ilikuwa ya laini aliyoinunua yeye mwenyewe wiki iliyotangulia, na kadi yake ilikuwa haijatiwa katika simu yoyote. Ilikuwa mkobani mwake, ingali imeshikamana na plastiki yake. Aliitoa akaitazama. Ilikuwa imelowa, na ilinuka karatasi iliyokaa majini.

Yafaa mjue alivyofika hapo. Raoudha alikuwa mjane wa mji wa Sfax, ng'ambo ya bahari, mwenye miaka thelathini na minne, aliyeitwa Ufaransa kwa mkataba wa kazi kwa sababu mikono yake ilijua kutengeneza jino lisiloweza kutofautishwa na la kuzaliwa. Binti yake Tasnim, mwenye miaka saba, alibaki kwa bibi yake, Mama Khadouja, ambaye macho yake yalikuwa yakizima mwezi baada ya mwezi. Mwanzoni bibi alikuwa akimsuka mjukuu nywele. Sasa mjukuu ndiye aliyemshika bibi mkono kuvuka barabara. Serikali ilikubali mtoto aje kuishi na mama yake kwa sharti lililo wazi: mama awe na nyumba isiyopungua mita za mraba ishirini na mbili kwa watu wawili, na kumi zaidi kwa kila anayeongezeka, na mkaguzi aje aipime kwa macho yake.

Kwa miezi kumi na minne Raoudha alilala katika chumba cha kuchangia, kitanda chake kikitenganishwa na cha mwenzake kwa pazia. Kila Jumamosi alipanga foleni kwenye ngazi za watu, faili kifuani, nyuma ya wengine arubaini wenye mafaili manene kuliko lake. Hati za mshahara alikuwa nazo. Mkataba alikuwa nao. Kila mahali aliulizwa swali lilelile, kwa tabasamu lilelile: mdhamini wako ni nani? Walitaka mtu anayeishi Ufaransa, mwenye kipato mara tatu ya kodi, atakayeandika kwa mkono wake kwamba atalipa mpangaji akishindwa. Naye katika nchi ile hakuwa na shangazi wala binamu.

“Dada, wewe ni mwaminifu mpaka unachosha,” alimwambia Khmais, mwenzake wa maabara, mtu wa nchi yake, wa mji wa Gabès, aliyeishi Lyon miaka ishirini. “Kila mtu hubuni. Mimi mdhamini wangu wa kwanza alikuwa kipa wa timu ya mtaani. Tulimpa cheo cha mkurugenzi, maskini, na viatu alikuwa hana.”

“Nikikamatwa je?”

“Nani atamtafuta? Wao wanataka karatasi. Wape karatasi.”

Katika jengo alimokuwa akilala kulikuwa na kisanduku cha barua kisichofunguliwa na mtu. Barua zilijaa mpaka mdomo wa bati ukapinda, mvua ikaziingia, zikashikamana kama mkate mbichi. Juu yake pameandikwa: A. VUILLERMOZ. Jumapili moja, baada ya Tasnim kumwambia kwenye simu kwamba bibi ametia chumvi katika chai akidhani ni sukari, Raoudha alichomoa bahasha moja kutoka katika kisanduku kile, akaifungua, akachukua jina zima na anwani. Hati za kipato Khmais alimtengenezea. Kilichobaki ni kiapo cha mkono.

Alibuni mwandiko: herufi zilizolalia kushoto, zenye mikia mirefu. Akaandika maneno yanayotakiwa, nami nawapeni maana yake: *Mimi, Armand Vuillermoz, najifunga pamoja na mpangaji huyu, kwa mali yangu na kwa nafsi yangu, bila kutengana naye, kwa muda wote wa mkataba na kila utakapoendelea.* Alipotia sahihi, mkono wake ulikwenda wepesi, kana kwamba umeshikwa.

Hiyo ndiyo karatasi iliyompa nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko wa Croix-Rousse, ghorofa ya tano, bila lifti: sebule yenye jiko pembeni, na chumba kidogo cha nyuma. Mita ishirini na nne na nusu. Raoudha alizipima mara tatu kwa futi ya mshonaji, akipiga magoti. Chumba cha nyuma alikipaka rangi ya parachichi bivu, akakitia kitanda cha mtoto na meza ndogo ya kusomea. Alimwonyesha Tasnim kwenye simu.

“Mama, na dirisha langu linaona nini?”

“Paa za watu na njiwa. Njiwa wanene kama kuku.”

“Nitawapa mkate.”

Siku ya tatu, kwenye kisanduku chake cha barua, chini ya jina lake, palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa vizuri: *A. Vuillermoz.* Herufi zimelalia kushoto, mikia mirefu. Alikibandua. Kesho yake kilikuwapo. Alikibandua tena, akakichana, akakitupa mtoni Saône alipokuwa akivuka daraja kwenda kazini. Aliporudi kilikuwapo, na gundi yake ilikuwa bado mbichi.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya barua zilizooza, iliyokaa mlangoni mwa chumba cha nyuma na haikuondoka kwa sabuni wala kwa ubani. Baada ya harufu ikaja sauti.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, saa kumi na mbili jioni, taa za barabarani zimekwisha kuwaka, naye anageuza kuskus, chembe za ngano, kwenye sufuria motoni, aliposikia kwaruzo jembamba nyuma ya mlango, kwaruzo la nibu juu ya karatasi, likienda, likisimama kama mtu anayefikiri, likienda tena. Na akajiambia ni panya, na akajua si panya, kwa kuwa panya hachovyi wino, naye alisikia nibu ikigonga mdomo wa chupa, mara mbili, taratibu, jinsi wazee wanavyofanya ili wasidondoshe tone. Akausogelea mlango akiwa bado ameshika kijiko, akausukuma kwa ncha ya kijiko hicho kwa sababu kidole chake kilikataa kuugusa, na ndani akaona kitanda, meza, rangi ya parachichi, na juu ya meza karatasi iliyojaa mistari ya wino ambao ulikuwa bado unang'aa, mstari mmoja ukirudiwa kutoka juu hadi chini: *bila kutengana naye, bila kutengana naye, bila kutengana naye.*

Kuskus iliungua. Hakuigusa.

“Armand Vuillermoz nimemuulizia,” Khmais alimnong'oneza kesho yake, wameinamia meza ya kazi. Hakuwa na mzaha siku ile. “Alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Hana mke, hana mtoto. Kisanduku kimebaki tu, kwa sababu wenye jengo hawajakubaliana nani alipe kubadilisha vibao.”

“Basi ni mzimu wake?”

“Sijui dada. Sijui, na ulimi huu uliokushauri natamani ningeuuma. Yupo mtu kitongoji cha Vénissieux, Ami Laroussi. Alikuwa kiwandani, sasa anasomea watu Kurani. Nitamleta Jumapili.”

Jumapili hiyo ilikuwa tarehe nne Novemba. Ami Laroussi alifika akihema kwa ngazi, koti la kiwandani mwilini, msahafu umefungwa ndani ya leso. Alikunywa maji, akauliza, akasikiliza, akatikisa kichwa.

“Huyo mzee Mfaransa kalala zake kaburini, binti yangu, hana habari nawe. Watu wa upande wa pili hupenda vilivyoachwa. Gofu, kisima, hamamu iliyofungwa. Na jina lililoachwa ni gofu pia. Hili lilikuwa wazi miaka kumi na moja, mmoja wao akaingia akakaa. Wewe ukalitoa lilipokuwa, ukaliandikia kiapo. Unaelewa ulichofanya? Hukubuni mtu. Umempa mpangaji mwenzako mkataba.”

“Mtoe, Ami. Nakubusu mikono.”

“Tutamwomba kwa adabu kwanza.”

Alisoma kwa muda mrefu. Khmais alisimama mlangoni, midomo yake ikisogea. Kwenye aya ya tatu mkono wa kulia wa Raoudha uliinuka wenyewe, ukachukua kalamu mezani, ukaandika, naye akiutazama kama mkono wa mtu aliyeketi karibu naye kwenye basi.

*Leo tarehe ngapi?*

Ami Laroussi aliisoma. “Tarehe nne. Novemba.”

*Basi mnaijua sheria,* uliandika mkono. *Tangu tarehe mosi Novemba hadi mwisho wa Machi, katika nchi hii mkaazi hatolewi nyumbani kwake. Njooni Aprili.*

Chini kabisa ngazini mtoto wa jirani alikuwa akidundisha mpira.

“Anatucheza shere huyu!” alisema Khmais kwa hasira, kwa sauti ya chini. “Msomee, Ami! Jini na sheria wapi na wapi?”

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuufunga msahafu. “Wao hukaa kwa desturi za ardhi wanayokaa, mwanangu. Wa kwetu huogopa chuma na chumvi. Huyu kakulia kwenye kisanduku cha barua, karatasi za mahakama na za serikali ndizo zilizomlea.” Alifuta uso kwa leso. “Na mimi kinywa changu ni kizito kumjibu. Majira mawili ya baridi sheria hiyohiyo ilizuia nisitolewe nyumbani, mimi na watoto watano, baada ya kiwanda kufungwa. Nitasimamaje niseme ni batili?”

“Mkaguzi anakuja Februari,” alisema Raoudha.

Mzee aliurudisha msahafu ndani ya leso.

Nyinyi mnaosikiliza mtasema: angehama. Ahamie wapi? Angekiri kwa wakala? Kukiri ni kusema nimeghushi kiapo, na mwenye kughushi hupoteza kibali cha kuishi, na akikipoteza, Tasnim atapokewa na nani? Kwa hiyo alikaa. Alilala sebuleni, mlango wa chumba cha nyuma umefungwa kwa ufunguo, na kila jioni, giza likishuka mapema, nibu ilianza. Alizoea kuchovya kwake wino jinsi mtu anavyozoea kikohozi cha baba mkwe. Januari, Mama Khadouja aliteleza bafuni akavunjika kiwiko. Aliyekwenda kuita majirani alikuwa Tasnim, pekupeku, katika mvua.

Usiku wa kuamkia siku ya mkaguzi, Raoudha alipiga magoti mbele ya mlango ule.

“Sijakuudhi,” alinong'ona. “Nimekuachia chumba cha mwanangu miezi mitatu. Kesho saa nne mpaka saa tano, saa moja tu, usiwepo. Ukae kwenye kisanduku, ukae darini, ukae popote. Baadaye nitakuandikia chochote utakacho. Mimi pia ni mgeni hapa. Unajua maana ya kungoja mlango ufunguliwe.”

Nibu ilisimama. Haikuendelea tena. Asubuhi harufu ilikuwa imeondoka, na chumba cha rangi ya parachichi kilinuka rangi tu. Raoudha alilia kwa furaha, akachemsha chai ya mnanaa, akatandaza biskuti za lozi.

Mkaguzi aliitwa Bi Odile Perrachon, mwanamke wa miaka sitini mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipima kwa mwale mwekundu wa kifaa chake. Alifungua mabomba, akagusa kipasha joto, akafungua dirisha akawafukuza njiwa.

“Ishirini na nne na nusu. Safi sana, bibi. Natamani zote zingekuwa hivi. Jana nilipima kabati la viatu mtu akiniapia ni chumba. Binti ana miaka mingapi?”

“Saba na nusu. Anajua kusoma tayari.”

“Nimalizie hicho cha nyuma, halafu nitie sahihi.”

Alikwenda. Raoudha alibaki amesimama katikati ya sebule, birika mkononi, akihesabu pumzi zake. Alisikia mlango ukifunguka, kisha sauti ya Bi Perrachon, ya heshima, ya haraka:

“Lo! Niwie radhi, bwana.”

Kisha mazungumzo ya chini, ya upande mmoja, yenye “ndiyo” na “naelewa” na “tangu mwanzo kabisa?” Kisha mkaguzi akarudi, ameshika karatasi, na uso wake ulikuwa umefungwa.

“Bibi Zghal, kwenye ombi umeandika watu wawili.”

“Ni wawili. Mimi na binti yangu.”

“Na bwana anayeandika mle ndani?”

“Hakuna...”

“Amenieleza kwa upole mwingi. Anaishi nawe tangu siku ya mkataba. Amenionyesha na hati.” Aliinyoosha. Ilikuwa ile karatasi ya kiapo, yenyewe, ambayo mahali pake palikuwa kabatini mwa wakala, na juu ya sahihi wino ulikuwa mbichi. “Ni hati halali au si halali, bibi? Nisaidie. Ukisema si halali, nalazimika kuipeleka mbele.”

Raoudha alitazama mlango uliokuwa wazi nusu. Aliona kona ya kitanda, na kivuli cha kiti juu ya ukuta wa rangi ya parachichi, na katika kivuli kile cha kiti kiwiko kikisogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali kiti chenyewe kilikuwa kitupu. Na akafikiri kwamba akisema nimeghushi atarudishwa kwao bila kazi, na akisema halali basi amempa nusu ya nyumba, na kwamba kati ya maneno hayo mawili hapakuwa na la tatu ambalo lingemfikisha mtoto wake kwenye dirisha lile.

“Ni halali,” alisema.

“Kwa watu watatu sheria inataka mita thelathini na mbili.” Bi Perrachon aliandika. Hakuwa na ukatili. “Pole sana. Biskuti zinapendeza.”

Barua ya kukataliwa ilifika Machi. Tarehe mosi Aprili Ami Laroussi alipanda tena zile ngazi, akaufungua msahafu, na kabla hajatamka neno mkono wa Raoudha ulikuwa umekwisha kuandika: *Nimehesabiwa na serikali. Nitolee hati yako ya kunifukuza.* Mzee akamwombea Raoudha dua ya kawaida, ile wanayoombewa wagonjwa, akashuka bila kupokea chai.

Wiki hiyohiyo Bwana Thibault alipiga simu, amechangamka. “Bibi Zghal, mdhamini wako kiboko! Amenipigia mwenyewe. Anasema nyumba imewabana. Ninayo moja ya mita thelathini na nne, na kiapo amekwisha kukiandika. Kuna chumba kizuri cha mtoto. Ameulizia hata kama dirisha linaona njiwa.”

Raoudha alikata simu. Mita thelathini na nne kwa watatu. Mkaguzi angetia sahihi. Mtoto angefika na begi lake, angeingia chumbani, na usiku angesikia nibu ikigonga chupa, mara mbili, taratibu.

Simu ililia tena. Ilikuwa Sfax, na picha ilikuwa ya Tasnim, kapengo kamoja mbele.

“Mama, nimepata barua! Ya kwangu mwenyewe, jina langu juu! Bibi hakuiona, nimeisoma mimi. Babu wa huko anasema kitanda kiko tayari, na niwaletee njiwa mkate wa Sfax. Mama, mwandiko wake umelala, kama umechoka. Tunakuja lini?”

“Mpe simu bibi yako.”

“Lakini Mama...”

“Mpe bibi simu, roho yangu.”

Na Mama Khadouja alipoishika, akielekeza uso wake pembeni, pasipo na simu, Raoudha alimwambia yale maneno ambayo kwa miaka miwili alifanya kazi ili asiyaseme. “Barua ichome. Pasipoti ya mtoto ichome nayo. Akiuliza, mwambie mimi sitaki. Mwambie mama hakutaki. Nisikilize, Mama: asije. Hata nikikupigia mimi mwenyewe, kwa sauti yangu hii, nikakuambia mlete, usimlete.”

Kwa mbali, upande wa pili wa bahari, alimsikia mtoto akiuliza, Mama kasemaje? Nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka mgongoni kwake, kalamu ilikuwa ikiandika.

Hapo ndipo ninapoikomesha, enyi waungwana, kwa kuwa zaidi ya hapo sikupewa. Raoudha Zghal yuko ghorofa ya tano mpaka leo. Meno yake yanasifiwa, mlango wake haufunguki zaidi ya upana wa kiganja. Alimweleza mtu mmoja tu, aliyemrudia wakati wa joto kwa sababu dhamiri haikumpa usingizi, wakasimama ngazini saa nzima, nusu ya uso wa Raoudha gizani. Mtu huyo ndiye aliyenisimulia mimi kwanza, na jina lake ni Odile Perrachon, ambaye kwa mkono wake mwenyewe aliandika watatu.